Aibu na jina la baba: wapenzi wa jinsia moja Mongolia na safari ya kujikubali

Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha jioni, tulisoma habari fupi kuhusu wapenzi wa jinsia moja nchini Mongolia. Ilichukua dakika moja na nusu, kisha tukaingia kwenye muziki. Tulidhani imepita. Simu ziliita na ujumbe ukaendelea kuingia mpaka tunafunga matangazo. Wapo walioshangaa: "Kumbe hata kule kwenye baridi na farasi wapo?" Wapo waliotukaripia kwa kuisoma habari hiyo wakati watoto hawajalala.

Ujumbe mmoja tumebaki nao. Mama mmoja, aliyeomba tusitaje jina lake wala mji anaoishi, aliuliza hivi: "Mtoto akiwa hivyo, aibu ni ya nani? Ni yake au ni ya mzazi?"

Swali hilo halijibiki kwa dakika moja na nusu. Ndiyo maana tumeandika makala hii. Tutabaki Mongolia, kwa sababu huko swali la mama huyu limeulizwa kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sauti ya chini, na wapo waliothubutu kulijibu hadharani.

Nchi kubwa, watu wachache

Mongolia iko katikati ya Urusi na China, haina bahari. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5, yaani unaweza kuiweka Tanzania nzima ndani yake na nafasi kubwa ikabaki. Lakini watu wake ni karibu milioni 3.5 tu. Jiji la Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, lina watu zaidi ya milioni 5. Karibu nusu ya Wamongolia wote wanaishi katika mji mkuu, Ulaanbaatar, unaotajwa kuwa mji mkuu wenye baridi kali kuliko yote duniani. Waliobaki wametawanyika katika mikoa 21, na wengi wao bado ni wafugaji wa kuhamahama wanaofuata malisho ya farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwenye nafasi kubwa kiasi hicho kujificha ni rahisi. Mambo yako kinyume. Watu wakiwa wachache wanajuana. Mgeni akifika, haulizwi jina lake tu. Anaulizwa anatoka wapi, wazazi wake ni akina nani, na mara nyingi atapatikana mtu anayewafahamu.

Na nyumba yenyewe haina pa kujificha. Hema la duara la wafugaji, linaloitwa ger, ni chumba kimoja. Ndani hakuna ukuta wala mlango wa pili. Mlango unatazama kusini. Kwa desturi, upande wa magharibi ni wa wanaume, ndipo zinapowekwa tandiko na hatamu. Upande wa mashariki ni wa wanawake, ndipo vinapokaa vyombo vya jikoni. Upande wa kaskazini, mkabala na mlango, ni wa wazee na wageni wa heshima. Mtoto hahitaji kufundishwa kwa maneno kwamba yeye ni wa upande gani. Anaingia, anakaa, anajua. Mtoto ambaye moyo wake unavutwa upande mwingine naye anajua mapema sana kwamba hapo ana jambo la kunyamazia.

Hata michezo inasema hayo. Kila Julai kuna sikukuu ya Naadam, yenye michezo mitatu inayoitwa michezo ya wanaume: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Vazi la juu la mwanamieleka huachwa wazi kifuani. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba zamani mwanamke mmoja alijificha kwenye vazi la kiume akawaangusha wanaume wote, na tangu hapo kifua kikawa wazi ili asiingie tena mwanamke. Ni hadithi, na husimuliwa kwa kicheko, lakini kijana wa kiume anayeisikia anaelewa kwamba uanaume hapa ni kitu cha kukaguliwa mbele ya watu.

Kwanza tuelewane maneno

Kiswahili kina maneno mengi kwa ajili ya watu hawa, na mengi ni ya matusi. Katika makala hii tunasema wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Si maneno kamili, lakini hayamvui mtu utu.

Wamongolia wana tatizo hilo hilo. Neno linalosikika zaidi mitaani ni gomo, lililoingia kupitia Kirusi, na hutamkwa kwa dharau. Neno la staha, ijil khüisten, maana yake ni watu wa jinsia moja, na lina harufu ya ofisini. Mtu anayejigundua akiwa na miaka 13 au 14 anakuta jina la kwanza alilopewa na jamii yake ni tusi. Kabla hajajua yeye ni nani, ameshajua kwamba yeye ni kitu cha kuchekwa.

Kuna jambo moja la lugha ambalo linatuunganisha na Wamongolia. Kwa Kiswahili tunasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke. Kimongolia nacho kinasema ter kwa wote wawili. Binti anaweza kumwambia mama yake, "Nina mtu ninayempenda, yeye ni mpole sana," na asiseme uongo hata neno moja. Wanaozungumza Kiingereza hawana nafasi hiyo. Wakitaja tu kiwakilishi, siri imetoka. Lugha inampa mtu kivuli cha kupumzika, ingawa anaweza kukaa kwenye kivuli hicho miaka 20.

Haya, aibu, fedheha na hatia

Ili tumjibu mama yetu, lazima tutenganishe mambo ambayo mara nyingi tunayachanganya. Hapa Kiswahili kinatusaidia.

Haya ni sifa njema. Mtu mwenye haya anajua mipaka, anaheshimu wakubwa, havui nguo sokoni. Hatia ni hali ya aliyetenda kosa: nimeiba, nimepiga, nimesema uongo. Fedheha ni jambo la hadharani. Inakuja pale watu wanapojua. Aibu ni kile kinachobaki ndani, hata kama hakuna anayejua.

Mwanasaikolojia wa Marekani Helen Block Lewis alieleza tofauti ya hatia na aibu katika kitabu chake cha mwaka 1971. Kwa ufupi, hatia inahusu kitendo na aibu inahusu nafsi nzima. Mwenye hatia anasema, "Nimefanya vibaya." Mwenye aibu anasema, "Mimi ni mbaya." Tofauti hii ni kubwa katika maisha. Hatia ina mlango wa kutokea: unaomba radhi, unarudisha ulichochukua, unaacha. Aibu haina mlango huo, kwa sababu hakuna kitendo cha kuombea radhi. Kijana wa Mongolia ambaye hajawahi hata kumshika mtu mkono anaweza kuwa na aibu ya kumjaa kifuani, kwa sababu tu ya anachohisi. Atubu nini?

Kwa nini jina ni zito kuliko mfupa

Wamongolia wana methali inayojulikana na kila mtu: Kuliko jina livunjike, heri mfupa uvunjike. Mfupa ukivunjika unaunga. Jina likivunjika, halina kiungo.

Sasa fikiria jinsi Mmongolia anavyoitwa. Hana jina la ukoo kama Wazungu. Anachukua jina la baba yake na kuliweka mbele ya lake. Rais wa zamani Tsakhiagiin Elbegdorj, kwa mfano, ni Elbegdorj wa Tsakhia. Sisi huku tunaelewa haraka, kwa sababu wengi wetu nasi jina letu la pili ni la baba: Juma Hamisi, Asha Salum. Mtu wa namna hiyo akisemwa vibaya, linalotajwa la kwanza ni jina la mzee wake. Ndiyo maana watu wengi wa Mongolia wanaozungumzia safari yao huanza na wazazi kabla ya kujizungumzia wao wenyewe. Hofu yao kubwa mara nyingi ni kwamba baba hataweza kuinua uso mbele ya wenzake.

Juu ya hapo kuna deni la uzao. Katika taifa la watu wachache, lililobanwa kati ya majirani wawili wakubwa, kuzaa si jambo la familia tu. Tangu mwaka 1957 serikali imekuwa ikiwapa akina mama wenye watoto wengi nishani ya heshima. Kwa utaratibu wa sasa, mama wa watoto wanne anapata daraja la pili na mama wa watoto sita daraja la kwanza. Basi asiyeoa wala kuolewa anaonekana amewanyima wazazi wajukuu, na wazalendo wenye siasa kali wanamwona amelinyima taifa watu.

Deni hilo hudaiwa hasa wakati wa Tsagaan Sar, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambapo ukoo mzima hukusanyika. Mdogo humwamkia mkubwa kwa kuweka mikono yake chini ya viwiko vya mkubwa, kama anayemtegemeza. Meza inajaa nyama na maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, yanayoitwa buuz. Mifugo imemaliza vipi majira ya baridi? Afya je? Na wewe, lini tutakula harusi yako? Anayeuliza hana nia mbaya. Anauliza kwa upendo. Lakini anayeulizwa amelijua swali hilo linakuja tangu wiki mbili nyuma.

Aibu hii ilitoka kwenye dini?

Wasikilizaji wengi hudhani lazima chanzo kiwe mahubiri, kwa sababu huku kwetu mjadala huu huanzia msikitini na kanisani. Mongolia ni tofauti kidogo. Dini yenye wafuasi wengi ni Ubudha, pamoja na imani za jadi za mizimu ya mbingu na milima. Mahubiri dhidi ya wapenzi wa jinsia moja hayajawahi kuwa sauti kuu huko.

Chanzo kikubwa ni historia ya karne ya 20. Kuanzia mwaka 1924 Mongolia ilikuwa jamhuri ya kikomunisti chini ya kivuli cha Umoja wa Kisovieti. Mwishoni mwa miaka ya 1930 nyumba za watawa ziliharibiwa na maelfu ya watawa wakauawa. Familia ikawa mali ya mpango wa taifa: mwanamume mfanyakazi, mwanamke mfanyakazi na mama, watoto wa kesho. Sheria ya jinai ya mwaka 1961 iliharamisha mapenzi ya jinsia moja. Kwa miongo mitatu hivi jambo hilo halikuhubiriwa wala kujadiliwa, halikuwepo. Gazeti halikulitaja na shule haikulitaja, na daktari aliyelitaja alilitaja kama ugonjwa. Kizazi kilicholelewa katika ukimya huo ndicho leo kina wajukuu, na si ajabu wazee wengi husema kwa dhati kabisa: "Zamani hawakuwepo."

Ukimya huo una kinyume chake katika mila zenyewe. Zamani familia zilizofiwa na watoto zilimpa mtoto mpya jina la kumficha, kama vile Nergüi, maana yake Asiye na Jina, na wakati mwingine zilimvika mtoto wa kiume nguo za kike ili pepo wabaya wasimtambue. Hatusemi kwamba desturi hiyo ni sawa na kubadili jinsia. Tunasema tu kwamba mila ya Wamongolia ilikuwa na nafasi nyingi kuliko wanavyodai baadhi ya watu wanaoisemea leo.

Sheria inasema nini?

Baada ya mapinduzi ya amani ya mwaka 1990 na katiba mpya ya 1992, marufuku ya zamani iliondolewa vitabuni. Lakini kufuta kifungu cha sheria ni kazi ya siku moja bungeni. Kufuta kilichomo vichwani ni kazi nyingine.

Hilo lilionekana wazi pale kikundi cha wanaharakati kilipoanzisha Kituo cha LGBT cha Mongolia mwaka 2007. Walipokwenda kukiandikisha, mamlaka ya usajili ilikataa, ikieleza kwamba jina hilo linapingana na mila na desturi za Wamongolia na linaweza kuwa mfano mbaya kwa vijana. Walirudi tena na tena. Hatimaye kituo kilisajiliwa Desemba 2009. Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya jambo hili si geni: Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kukataa kulisajili shirika la aina hiyo kulikuwa ubaguzi, ingawa sheria inayoharamisha vitendo vyenyewe bado ipo Kenya, kama ilivyo Tanzania na Uganda.

Angalieni vizuri sababu iliyotolewa kule Ulaanbaatar. Hakuna aliyesema kituo kimevunja sheria. Tatizo lilikuwa jina kuonekana kwenye karatasi ya serikali. Hiyo ni aibu ya mtu mmoja mmoja iliyovaa joho la ofisi: muwepo, lakini msijiite.

Mwaka huo huo wa 2009 yalitokea mambo mawili ya kupingana. Juni, sheria ya usajili wa raia ilibadilishwa, mtu aliyebadili jinsia akaruhusiwa kurekebisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, ingawa kwa sharti la kufanyiwa upasuaji, ambao kwa kawaida hutafutwa nje ya nchi na kwa gharama kubwa. Wakati huo huo, wanawake watatu waliobadili jinsia walitekwa na kufanyiwa ukatili wa kingono na mtu wa kundi lenye uzalendo wa chuki. Hawakuripoti polisi. Tukio lilijulikana baadaye kupitia filamu ya maelezo iliyosimulia masaibu yao. Kwa nini hawakuripoti? Kwa sababu kuripoti kungewalazimu kwanza kueleza wao ni nani, na kituo cha polisi kingeweza kuwa mahali pa pili pa kudhalilishwa.

Baadaye hatua ziliongezeka. Sheria mpya ya jinai, iliyopitishwa Desemba 2015 na kuanza kutumika Julai 2017, inakataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa jinsia, na inautambua uhalifu wa chuki. Sheria mpya ya kazi, iliyoanza kutumika Januari 2022, inakataza ubaguzi huo kazini. Ndoa ya jinsia moja haitambuliwi. Kwa karatasi, Mongolia imetangulia nchi nyingi za Asia. Lakini sheria ya uhalifu wa chuki inahitaji mtu ajitokeze aseme, "Nimepigwa kwa sababu ya nilivyo." Aibu ikimziba mdomo, sheria inabaki kabatini.

Gharama ya kujificha

Waswahili husema mficha uchi hazai. Anayeficha lake hasaidiwi. Mtafiti Ilan Meyer, katika andiko lake la mwaka 2003 linalotajwa sana na wanasaikolojia, alieleza kwamba watu wa makundi madogo yanayodharauliwa hubeba mzigo wa ziada wa msongo. Sehemu yake inatoka nje: kutukanwa, kupigwa, kufukuzwa kazi. Sehemu nyingine inafanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyekutukana: kutarajia kukataliwa kila unapoingia mahali, kuchunga kila neno ili siri isitoke, na mwishowe kuamini mwenyewe yale mabaya unayosemwa.

Tafsiri hayo katika siku moja ya kijana wa Ulaanbaatar. Asubuhi kazini, wenzake wanaonyeshana picha za wapenzi wao, yeye anatafuta sababu ya kutoka. Mchana anafuta ujumbe kwenye simu kabla mdogo wake hajaiomba kucheza mchezo. Jioni binamu anamrafiki kwenye Facebook, naye anapitia picha zote za zamani. Usiku amechoka, na hakuna kazi yoyote aliyofanya ambayo mtu angeiona. Ni uchovu usio na cheti cha daktari.

Gharama hiyo inafika pia hospitali. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI yako chini sana Mongolia, chini ya asilimia 0.1 ya watu. Mgonjwa wa kwanza aliripotiwa mwaka 1992. Lakini sehemu kubwa ya waliogundulika ni wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Ndiyo maana shirika la Youth for Health, lililoanzishwa mwaka 2003, lilijikita katika kuwafikia wanaume hao na kuwapatia upimaji. Mtu anayeona aibu kusema yeye ni nani hatasema anaumwa wapi, na mke aliyemwoa ili kuwaridhisha wazazi hatajua yuko katika hatari gani.

Hapo aibu inakuwa imevuka mwenye nayo. Ndoa ya kuficha ni njia ambayo wengi wameipita, Mongolia na kwingineko. Jina la baba linapona, nyumba ya wazazi inajaa wajukuu, na mwanamke asiye na hatia analala miaka mingi kando ya mtu asiyeweza kumpenda. Tunapozungumzia aibu ni ya nani, tumkumbuke naye.

Kujikubali kunaanza vipi?

Watu hudhani kujikubali ni kusimama siku moja mbele ya kamera na kutangaza. Kwa wengi haianzi hivyo. Mwanasaikolojia wa Australia Vivienne Cass alieleza mwaka 1979 hatua za safari hiyo: mtu anaanza na kuchanganyikiwa, anajilinganisha na wengine, anajivumilia, kisha ndipo anajikubali. Mwisho wa safari jambo hili linakuwa sehemu moja tu ya maisha yake kati ya nyingi. Kujivumilia na kujikubali ni vitu viwili. Anayejivumilia anasema, "Basi, ndivyo nilivyo, nifanyeje." Anayejikubali anaweza kulala usingizi.

Katika hatua hizo, kinachosukuma mtu mbele mara nyingi ni kumpata mwenzake mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha kwanza cha wanaume wapenzi wa jinsia moja Mongolia kilijiita Tavilan, neno lenye maana ya majaaliwa. Hawakujiita mashujaa wala waasi. Walichagua neno ambalo bibi yeyote wa kijijini analielewa: hivi ndivyo nilivyojaaliwa.

Baada ya hapo yalifuata mengine. Mwaka 2013 zilifanyika kwa mara ya kwanza Siku za Usawa na Fahari huko Ulaanbaatar, zikiwa na filamu, mijadala na mikutano. Mwaka 2018 Solongo Batsükh akawa mwanamke wa kwanza aliyebadili jinsia kushindania taji la Miss Universe Mongolia. Hakulitwaa. Lakini familia zilizokaa mbele ya televisheni zilimwona mtu mwenye jina na sura ambaye ana baba na mama, na ni vigumu kidogo kusema "hawapo" ukiwa umemtazama mmoja akitembea jukwaani.

Tusiwadanganye kwamba kila anayejikubali anajitangaza. Wapo waliojikubali kabisa na bado hawajamwambia baba yao, kwa sababu wamepima hatari na kuona haifai, au kwa sababu mzee ni mgonjwa. Wapo waliohamia Korea Kusini kufanya kazi na kupumua. Kunyamaza kwa hofu ya kujichukia na kunyamaza kwa hesabu ya busara havifanani, ingawa kwa nje vyote ni kimya. Hakuna mtu mwenye haki ya kumtolea mwingine siri yake, hata kwa nia njema.

Mzazi afanye nini?

Sasa turudi kwa mama yetu. Tunaweza kumpa jambo moja la uhakika kutoka kwenye utafiti. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu vijana wapenzi wa jinsia moja na jinsi familia zao zilivyowapokea. Waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na waliokataliwa kidogo au kutokataliwa. Utafiti huo ni wa Marekani, si wa Mongolia wala wa kwetu. Lakini mtoto aliyefungiwa mlango na mama yake anaumia kwa namna moja, awe California, Gobi au Morogoro.

Zingatieni kwamba watafiti hao hawakupima kama mzazi amefurahi. Walipima matendo: kumpiga, kumfukuza, kumtukana, kumzuia asionane na rafiki zake. Mzazi anaweza kuwa na imani yake, akalia usiku, akashindwa kuelewa, na bado asimfungie mtoto mlango. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo kumpeleka mtoto akatibiwe ni kumtafutia dawa ya kitu ambacho madaktari wenyewe walishasema si ugonjwa.

Na aibu ni ya nani? Tukifuata tofauti tulizozieleza, jibu letu ni hili. Fedheha, kama ipo, ni ya wale wanaosimama mlangoni kwako kukucheka. Haya ni ya wote, nayo inamtaka mkubwa amstahi mdogo kama inavyomtaka mdogo amstahi mkubwa. Hatia ni ya anayepiga na anayefukuza. Aibu, ile ya ndani, mtoto hakuzaliwa nayo. Alipewa kidogo kidogo na maneno ya mtaani na ya shuleni, na kwa bahati mbaya mengine alipewa nyumbani. Kilichotolewa nyumbani kinaweza kuanza kurudishwa nyumbani.

Methali ya Wamongolia inasema heri mfupa uvunjike kuliko jina. Mama, tulipousoma ujumbe wako mara ya pili tuliona jambo ambalo mara ya kwanza lilitupita: hukuuliza kama umfukuze. Uliuliza aibu tu. Tunadhani ulikuwa umeshachagua, ila ulitaka kusikia kama upo peke yako.

Haupo peke yako. Namba yetu ya ujumbe ni ile ile tunayoitaja kila jioni, na hatusomi jina la mtu yeyote hewani bila ruhusa yake. Kama wewe unayesoma, au mtu wa nyumbani kwako, anafikiria kujidhuru, msisubiri kipindi: mtafuteni leo mtu mnayemwamini au mhudumu wa afya aliye karibu.